Chanzo cha Ukosefu wa Makao Kisiwani Lamu

Kwetu Kianjai, Meru, kijana hugawiwa na babaye kijishamba, akajenga. Kisiwani Lamu wengi hawana bahati hiyo. Kwanza, Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908 iliifanya ardhi ya pwani isiyodaiwa rasmi kuwa mali ya serikali ya kikoloni; wenyeji wakageuka maskwota kwao. Pili, wageni wenye fedha wamenunua nyumba, hasa Shela, bei zikapanda. Tatu, saruji huvushwa kwa mashua, kisha ikabebwa na punda. Gharama ya ujenzi huzidi. Kwa hiyo, asiye na makao huko si lazima awe mvivu. Nasi wa bara tujiulize: vijishamba vyetu vikiisha kugawanywa, wajukuu watajenga wapi?