Trauti wa White River: Safari ya Uvuvi Inayopangwa na Bwawa

Trauti ni samaki wa maji baridi. Hustawi zaidi maji yanapokuwa kati ya nyuzijoto 10 na 16 hivi, na yakipita 20 kwa siku nyingi huanza kudhoofika. Ndiyo maana nchini Kenya hupatikana katika mito inayoteremka kutoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare, ambako mwinuko ndio unaoyapoza maji. Jimbo la Arkansas, kusini mwa Marekani, halina milima mirefu kiasi hicho, na kiangazi chake ni cha joto kali. Hata hivyo White River, mto unaopita kwenye vilima vya Ozark vya jimbo hilo, ni miongoni mwa mito ya trauti inayosifika sana nchini humo. Baridi yake inatoka bwawani.

Bwawa la Norfork, lililojengwa kwenye tawi la mto huo, lilikamilika mwaka 1944, na lile la Bull Shoals mwaka 1951. Yote mawili yalikusudiwa kuzuia mafuriko na kufua umeme. Ukuta wa Bull Shoals una kimo cha mita 78 hivi, na maji yanayozungusha mitambo huvutwa kutoka kina kirefu ambako jua halifiki, kwa hiyo hutoka yakiwa baridi hata Julai. Samaki wa asili waliozoea maji ya uvuguvugu walitoweka katika sehemu hizo. Ili kufidia hasara hiyo, serikali ya Marekani ilifungua kituo cha kutotolesha trauti chini ya Bwawa la Norfork mwaka 1957. Trauti wa upinde wa mvua wengi waliomo mtoni leo wamepandikizwa kutoka vituoni. Trauti wa kahawia huzaliana wenyewe, na baadhi hufikia ukubwa wa kushangaza. Mwaka 1992, katika Little Red River, mto mwingine wa bonde hilo ulio chini ya Bwawa la Greers Ferry, alivuliwa wa kahawia mwenye uzito wa zaidi ya kilo 18, ambao wakati huo ulikuwa rekodi ya dunia.

Wageni wengi hupenda kwenda huko kati ya Septemba na Novemba, majira ya kupukutika majani. Hewa huwa ya wastani, misitu hugeuka rangi, na trauti wakubwa wa kahawia huanza kupanda mto kwenda kutaga. Lakini hicho ndicho kipindi ambacho maji yanayotoka bwawani huwa na oksijeni kidogo kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Anayepanga safari bila kulijua hilo anaweza kufika mahali pazuri katika wiki mbaya.

Chanzo chake ni kiangazi kilichotangulia. Jua hupasha maji ya juu ya ziwa, nayo yakishapata joto huwa mepesi na kuelea juu ya maji baridi yaliyo mazito. Kati ya matabaka hayo mawili hutokea tabaka jembamba ambamo joto hushuka ghafla, na hapo uchanganyikaji hukoma. Maji ya chini hayagusani tena na hewa. Huko bakteria huendelea kuozesha majani na mwani uliozama, vikitumia oksijeni iliyobaki, siku baada ya siku kwa miezi. Kufikia Oktoba tabaka la chini huwa bado baridi lakini limeishiwa pumzi, na ndilo linalopita kwenye mitambo. Hali hiyo huisha pale tu maji ya juu yanapopoa, yakawa mazito na kuzama, hadi ziwa zima likachanganyika, jambo ambalo kwa kawaida hukamilika majira ya baridi yakiwa yameshaingia.

Maji ya nyuzijoto 10 yanaweza kubeba miligramu 11 hivi za oksijeni kwa lita. Kiwango cha miligramu 6 ndicho kinachotakiwa kwa mito ya trauti ya Arkansas. Kikishuka hadi 3 au 4, samaki hutaabika. Ili kupunguza madhara, waendeshaji wa mabwawa huiendesha mitambo chini ya uwezo wake na kufungua matundu yanayoingiza hewa ndani ya maji yanayozunguka. Umeme hupungua, na hiyo ni gharama halisi, lakini mto hupata nafuu. Mto nao hujisaidia: kila maji yanapopiga kwenye mawe na kutoa povu, hewa huingia. Mimea ya chini ya maji huongeza oksijeni mchana na kuitumia usiku, hivyo alfajiri ndiyo saa ngumu kuliko zote. Kwa hiyo mwezi Oktoba ni busara kuziacha kilomita za kwanza chini ya ukuta na kuvua mbele zaidi, jua likiwa limekwisha kupanda. Samaki atakayenaswa avutwe haraka kwa mshipi imara na aachiliwe bila kutolewa majini, kwa kuwa trauti aliyechoka katika maji yenye oksijeni haba anaweza kuogelea akaenda zake kisha akafa baadaye.

Jambo la pili ni ratiba ya umeme. Bull Shoals ina mitambo minane. Yote ikiwa imezimwa, mto hupewa kiwango cha chini cha mita za ujazo 22 hivi kwa sekunde, utaratibu ulioanza kutekelezwa mwaka 2013, na mtu anaweza kusimama katikati ya mkondo akiwa amevaa suruali ya mpira inayofika kifuani. Ikiwashwa kadhaa, mahali hapohapo huwa mto wa mamia ya mita za ujazo. Makadirio ya uzalishaji wa siku inayofuata hutangazwa kwa umma, lakini mahitaji ya umeme yanaweza kuyabadilisha wakati wowote. King'ora hulia bwawani kabla ya mitambo kuwashwa. Ukiwa mbali na bwawa, dalili ni majani na vijiti vinavyoanza kuelea kwa wingi, na jiwe lililokuwa kavu dakika chache zilizopita kulowa. Anayeziona atoke majini mara moja. Maji hayo hayafiki kila mahali kwa pamoja: yakifunguliwa asubuhi, huchukua saa kadhaa kufika mji wa Cotter, karibu kilomita 30 chini. Wenyeji huitumia nafasi hiyo, wakivua mbele ya maji yanayokuja.

Chakula cha trauti hapa ni wadudu wadogo na vijidudu jamii ya kamba wanaojificha kwenye mimea, kwa hiyo chambo cha manyoya chenye ukubwa wa punje ya mchele mara nyingi hufaa zaidi. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba, hata hivyo, majike wa kahawia hufagia changarawe kwa mkia na kuacha viduara vyeupe visafi kwenye sakafu ya mto. Humo ndimo mayai yalimo, na hatua moja ya buti inaweza kuyaponda. Samaki waliojipanga juu ya viduara hivyo waachwe. Sehemu iliyo karibu na Bull Shoals huwekewa masharti ya pekee kuanzia Novemba hadi mwisho wa Januari, na kanuni za mwaka husika hutolewa na Arkansas Game and Fish Commission, ambayo pia hutoa leseni ya uvuvi pamoja na kibali cha trauti kinachonunuliwa kando.