Ngozi ya Mwanaume (3): Vipele vya uume ambavyo si ugonjwa

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Keti, kijana wangu."

"Siwezi kukaa."

Alikuwa na miaka 22. Nilipomkagua nilikuta ngozi ya ukingo wa kichwa cha uume imebabuka upande mmoja, imevimba, na mahali pawili pameanza kutunga usaha. Alikuwa amepaka maji ya betri. Kwa siku tatu mfululizo, usiku, wenzake wa chumbani wakiwa wamelala, alichovya kijiti cha kiberiti akagusa kipele kimoja baada ya kingine. Upande wa pili hakuufikia, maumivu yalimshinda. Huko vipele vilikuwa bado vipo: vidogo kama punje za ulezi, vyeupe kidogo, vinang'aa, vimejipanga safu mbili kama shanga zilizotungwa uzini.

Vipele hivyo havikuwa ugonjwa. Kidonda alichokuja nacho alikuwa amekitengeneza kwa mkono wake.

Katika sehemu mbili zilizopita tulizungumzia fangasi wa mapajani na upele, maradhi yanayotaka dawa. Leo nazungumzia kisichotaka dawa, na naomba msomaji asiruke aya hata moja, kwa kuwa wanaume niliowaona wameumizwa na tiba ya kitu hiki ni wengi mno. Wengine wamekata kwa wembe, wengine wamefunga uzi, wengine wamepaka dawa ya meno. Wapo waliochomwa sindano za kisonono mara tatu na nne, kila duka la dawa na sindano yake, na vipele vikabaki vilevile.

Jina la kitabibu la vipele hivi lina neno lulu ndani yake, na kwa sura limefaa. Kila kimoja kina upana wa milimita 1 au 2. Vinazunguka ukingo wa kichwa cha uume, mara nyingi safu moja au mbili, wakati mwingine tatu. Ndani yake hamna usaha, hamna mafuta, hamna mdudu. Ni nyuzi za ngozi na vishipa vidogo vya damu, vimefunikwa na ngozi ya kawaida. Ndiyo maana ukikiminya hakitoki kitu, ila unajiumiza. Huanza kuonekana baada ya balehe, hudhihirika zaidi miaka ya ishirini na thelathini, kisha kwa wengi hufifia kadiri umri unavyokwenda. Tafiti za nchi mbalimbali hazikupata kiwango kimoja, lakini nyingi huangukia kati ya asilimia 14 na 48 ya wanaume. Kwa hiyo katika basi la abiria, safu yako na ya nyuma yako, yumo mwenye navyo. Haviambukizi. Havitokani na uchafu, wala kujichua, wala uzinzi. Bikira anavyo. Mke hapati chochote kutoka kwavyo.

Jambo moja huwachanganya watu wa kwetu kuliko mengine. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tohara kwa wanaume kama njia mojawapo ya kupunguza maambukizi ya virusi vya UKIMWI, na baadaye mikoa kama Iringa, Njombe na Shinyanga ikatahiri vijana na watu wazima kwa wingi. Mtu aliyeishi miaka 25 na govi hakuwahi kuutazama ukingo ule mchana kweupe. Kidonda cha tohara kikipona, anaviona vipele, anasema nimeambukizwa na vifaa vya hospitali. Vilikuwepo muda wote, vimefunikwa. Tena tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa wasiotahiriwa ndio wanaokuwa navyo zaidi.

Sasa tuje kwenye hofu yenyewe, yaani masundosundo. Haya ni ugonjwa wa kweli, huletwa na virusi vya HPV, na aina mbili, ya 6 na ya 11, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 90 ya masundosundo yote ya sehemu za siri. Ukitaka kutofautisha, usitazame kipele kimoja, tazama mpangilio. Vipele vya lulu vina nidhamu: vimekaa mstari, vinafanana kimo, na ukivitazama leo na baada ya miezi sita ni vilevile. Masundosundo hayana mpangilio. Kimoja kiko shinani, kingine kwenye govi, kingine karibu na njia ya haja kubwa. Hiki kidogo, kile kikubwa. Uso wake unaparuza kama koliflawa, na huongezeka wiki kwa wiki. Kuna wanaojipima nyumbani kwa siki, eti ikigeuka nyeupe ni masundosundo. Acheni. Ngozi nzima isiyo na ugonjwa nayo inaweza kugeuka nyeupe ikiguswa na siki, na nimeona watu wakikosa usingizi kwa jibu la uongo walilojipa wenyewe.

Aina ya pili ya vipele visivyo ugonjwa ni vitone vya rangi ya maziwa au manjano hafifu kwenye shina la uume na kwenye mfuko wa korodani. Ukivuta ngozi vinajitokeza, ukiiachia vinapotea. Hizi ni tezi za mafuta zisizoambatana na unywele. Daktari wa ngozi wa Marekani, John Addison Fordyce, alizieleza mwaka 1896, naye aliziona mdomoni. Chukua kioo, ukunjue mdomo wako wa juu, tazama pale rangi ya mdomo inapokutana na ndani ya shavu. Watu wazima wengi sana watakuta vitone vyenye rangi ileile. Hakuna anayevionea haya vile vya mdomoni.

Vinavyofanana na ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, huko chini ya shina, ni mashina ya nywele tu. Na kwa wanaume waliovuka miaka 40 au 50, mfuko wa korodani huweza kutoa vidoa vya rangi nyekundu iliyoiva au nyeusi, vidogo kama kichwa cha pini. Ni vishipa vya damu vilivyotanuka. Kikikwaruzwa hutoa damu, na damu mahali pale humtisha mzee yeyote. Bonyeza kwa kitambaa safi dakika chache, itakatika.

Hayo ndiyo ya kuachwa. Yapo ya kukimbilia, nami sitaki mtu ajifariji kwa makala hii akabaki nyumbani na maradhi. Kidonda chochote, hata kisichouma, kwa kuwa kaswende huanza na kidonda kisichouma, ambacho hupona chenyewe, na ugonjwa ukabaki mwilini. Malengelenge yanayowasha na kuchoma. Muwasho mkali wa usiku. Kipele chenye kishimo katikati. Uvimbe mgumu au kidonda kisichofunga kwa wiki kadhaa, hasa kwa mzee ambaye hakutahiriwa. Kitu chochote kinachokua au kuongezeka. Na aliyefanya ngono bila kinga apime, awe na vipele au asiwe navyo. Mficha uchi hazai, walisema, na hapa uchi ni wa kumwonyesha mtabibu. Anayejua ngozi humaliza kwa kutazama tu, pengine na lenzi. Kama kituo chako hakina mtu huyo, omba rufaa. Tangu mwaka 1992 kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinafundisha watabibu wa kazi hiyo, na wengi wako mikoani.

Kijana wangu alipona baada ya wiki tatu, akabaki na kovu. Lakini kilichomleta mara ya pili si kovu. Mchumba wake alikuwa ameona vile vipele, akamwita mzinzi, akamrudishia simu aliyomnunulia. Nikamwambia aje naye. Binti alikaa pembeni ya meza, mtandio ameushika kwa mikono miwili. Nikachukua karatasi nikachora duara, nikalizungushia nukta zilizopangana. Kando nikachora duara jingine, nukta zimetawanyika, kubwa na ndogo. Nikamuuliza ni lipi aliloliona.

Aliitazama karatasi kwa muda, akaweka kidole kwenye duara la kwanza.

"Tangu lini unavyo?" alimuuliza mwenzake.

"Tangu kidato cha pili."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje?"

Waliondoka na ile karatasi.

Itaendelea wiki ijayo: vidonda visivyouma.