Mashuke ya Ulezi Mezani

Huna haja ya kununua maua ya plastiki mjini Sumbawanga. Mvua zikikatika, chukua mashuke machache ya ulezi, ule ule tunaoupikia uji, pamoja na maua ya porini ya Ufipa. Yaning'inize vichwa chini kivulini hadi yakauke. Chungu kidogo cha mfinyanzi kinatosha. Tia maharage ya rangi chini ili yashikilie mabua. Usiweke maji, maana udongo hupenyeza na kitambaa chako ulichodarizi kitaharibika.

Mbegu za nyonyo zina madoadoa mazuri, lakini usizitumie kamwe. Ni sumu kali. Mtoto akizitafuna, mpeleke hospitali mara moja, usingoje atapike.