Homa ya Ini B Sugu: Nani Analiumiza Ini?

Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuzaliana ndani ya seli ya ini miaka nenda miaka rudi bila kuiua. Ini huumizwa zaidi na kinga ya mwili yenyewe. Seli T za kinga huisaka seli yenye virusi na kuiangamiza, nayo ikifa humwaga kwenye damu kimeng'enya cha ALT, kile kinachopimwa maabara. Ndiyo maana mtoto aliyeambukizwa siku ya kuzaliwa, kinga yake ikiwa bado changa, huwa na virusi tele huku ALT yake ikisoma sawa. Takribani watoto 9 kati ya 10 wa namna hiyo hubaki na ugonjwa sugu. Kwa watu wazima hawafiki 5 kati ya 100.

Seli za kinga hupashana habari kwa protini ndogo ziitwazo sitokini. Mwaka 1957, huko Mill Hill, London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann walichukua vipande vya utando wa yai la kuku, wakavichanganya na virusi vya mafua vilivyokufa kwa joto. Majimaji yaliyobaki yalivikinga vipande vipya visiambukizwe. Protini iliyokuwa ndani yake, mojawapo ya sitokini hizo, wakaiita intaferoni. Wanasayansi wengi hawakusadiki, na Isaacs alifariki 1967 akiwa na miaka 45, kabla dawa haijapatikana. Kari Cantell wa Helsinki hakukata tamaa: alikamua intaferoni kutoka seli nyeupe za damu ya wachangiaji, kazi ya subira kubwa ambayo haijapewa heshima inayostahili. Mwaka 1976 madaktari wa Stanford, Marekani, wakaeleza jinsi intaferoni ilivyopunguza virusi katika damu ya wagonjwa wa homa ya ini B sugu.

Miaka ya 1990 maabara ya Francis Chisari, California, ilionyesha kwa panya jambo la ajabu zaidi: sitokini mbili, intaferoni gama na TNF, huweza kuzima virusi ndani ya seli ya ini bila kuiua. Kwa hiyo kinga ina njia ya upole na njia ya ukali. Katika ugonjwa sugu seli T zinazolenga virusi huchoka, nazo huota alama ya uchovu iitwayo PD-1. CXCL10, sitokini ya kundi la kemokini, huita seli nyingine zisizovilenga virusi. Hizo huja kwa wingi, huongeza uvimbe, lakini haziponyi. Sitokini ya TGF-beta nayo huziamsha seli nyota za ini zitengeneze kolajeni, na ini likaanza kuota makovu.

Vipimo vya sitokini bado ni vya watafiti zaidi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya Machi 2024 hutegemea wingi wa virusi, dalili za makovu na ALT, ambayo mwisho wake wa kawaida ni yuniti 30 kwa lita kwa mwanamume na 19 kwa mwanamke. Kumwambia mgonjwa aende nyumbani kwa kuwa hajisikii vibaya, bila vipimo vya virusi, makovu na ALT, ni uzembe.

Uzembe mkubwa zaidi ni kumchelewesha mtoto. Nchini Tanzania chanjo ya pentavalenti, iliyo na kinga ya homa ya ini B, huanza wiki ya 6, ilhali virusi vya mama humfikia mtoto wakati wa kujifungua. Tangu 2009 Shirika la Afya Duniani linataka kila mtoto achanjwe ndani ya saa 24, na miongozo ya 2024 inaruhusu wajawazito wote wenye virusi hivi wapewe dawa ya tenofovir pale ambapo hakuna kipimo cha wingi wa virusi wala cha antijeni ya HBeAg.