Uwanja wa Maleme Ndio Uliokuwa Gati

Mei 1941 Ujerumani ilikitaka kisiwa cha Krete, kusini mwa Ugiriki, lakini haikuwa na manowari za kuzikabili zile za Uingereza katika Bahari ya Mediterania. Jenerali Kurt Student akaja na jibu ambalo hakuna jeshi lililokuwa limelijaribu kwa ukubwa huo: kisiwa kitekwe kutoka angani. Asubuhi ya tarehe 20 miavuli ikaanza kufunguka juu ya mashamba ya mizeituni.

Faida ya askari wa miavuli ni kwamba anaweza kuruka juu ya ulinzi wa pwani na kutua nyuma yake. Tatizo lake huanza pale miguu inapogusa ardhi. Wengi wa Wajerumani wale waliruka na bastola na mabomu ya kurusha kwa mkono tu. Bunduki zilishushwa kando, ndani ya makasha yenye miavuli yake. Aliyetua mbali na kasha alilazimika kulifuata huku akipigwa risasi. Na mwavuli wenyewe haukuongozeka: ulifungwa mgongoni, aliyening'inia akaenda ulikompeleka upepo. Wako waliouawa kabla ya kufika chini. Wanakijiji nao walitoka na bunduki za kuwindia na zana za shambani. Hadi jioni hakuna uwanja wa ndege hata mmoja, kati ya Maleme, Rethymno na Heraklion, uliokuwa mikononi mwa Student.

Hapo ndipo ilipo siri ya uvamizi wa aina hii, na ndipo watu wengi wanapokosea. Huwadhania askari wa miavuli kuwa ndio jeshi lenyewe, ilhali wao ni wa kubomoa mlango tu. Ndege ya Junkers 52 ilichukua warukaji kumi na kitu. Meli moja huleta mamia ya watu, pamoja na mizinga, magari, maji na risasi za wiki nzima. Anayeikwepa bahari bado anahitaji gati, na gati lake ni njia ya kurukia ndege.

Juu ya uwanja wa Maleme kuna kilima ambacho ramani za kijeshi zilikiita 107, kikilindwa na batalioni ya 22 ya New Zealand. Mawasiliano ya redio yalikuwa mabovu. Kamanda wake, Luteni Kanali Leslie Andrew, aliamini kwamba makombania yake ya mbele yamekwisha, akaondoka usiku. Hayakuwa yamekwisha. Kesho yake ndege zikaanza kutua Maleme huku mizinga ikiufyatulia uwanja, nyingine zikiwaka moto, lakini askari wa milimani wakashuka, na wakaendelea kushuka.

Usiku huohuo wa tarehe 21 manowari za Uingereza ziliusambaratisha msafara wa mashua uliokuwa ukiwaletea Wajerumani askari zaidi. Jenerali Bernard Freyberg, aliyekiongoza kisiwa, alikuwa ameihofia sana njia hiyo ya bahari, akawaacha askari wengi wakilinda pwani wakati Maleme ilihitaji kila mtu. Uingereza ilishinda baharini, na kufikia Juni 1 ilikuwa imekipoteza kisiwa.

Wajerumani waliouawa na waliopotea walikaribia 4,000, kati ya wapatao 22,000 waliotumwa. Hitler aliona siku za askari wa miavuli zimekwisha. Waingereza na Wamarekani, wakiyatazama matokeo yaleyale, waliunda divisheni nzima za askari hao. Normandy, Juni 1944, waliziangusha tatu usiku, lakini alfajiri meli zilikuja ufukweni. Waliotwaa daraja la Bénouville baada tu ya saa sita ya usiku walifikiwa na wenzao kutoka ufukweni mchana wa siku hiyohiyo.

Septemba mwaka huohuo, huko Arnhem nchini Uholanzi, zaidi ya 10,000 walishushwa kushika daraja la mto Rhine na kungoja vifaru vije kwa barabara. Walipigana siku tisa, na vifaru havikufika. Waliovushwa kurudi upande wa kusini walikuwa kama 2,400.