Barabara Ikiharibika, Tumwendee Nani?

Kila masika wananchi hufika ofisi za Halmashauri ya Wilaya ya Mbozi, hapa Vwawa, kuuliza ni lini greda litapita kijijini kwao. Huelekezwa TARURA, na baadhi yao huondoka wakiamini wamezungushwa. Hawakuzungushwa, ila ni kweli kwamba hatujawaeleza vya kutosha.

Tanzania si nchi ya majimbo yenye serikali zake, kama zilivyo Nigeria na Marekani. Hata Mkoa wetu wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016, hauna bunge lake, na Mkuu wa Mkoa huteuliwa na Rais. Chombo kinachochaguliwa na wananchi karibu nao zaidi ni Serikali za Mitaa, zinazotambuliwa katika Ibara ya 145 ya Katiba: kitongoji, kijiji, na halmashauri yenye Baraza la Madiwani.

Zamani barabara za wilaya zilisimamiwa na wahandisi wa halmashauri, ndiyo maana mazoea ya kuja kwetu hayajaisha. Mwaka 2017 jukumu hilo lilihamishiwa TARURA, wakala ulio chini ya TAMISEMI. Barabara kuu ya Mbeya hadi Tunduma ni ya TANROADS, na maji ya vijijini ni ya RUWASA. Halmashauri inaendelea kusimamia shule za msingi na sekondari, zahanati, vituo vya afya, ugani na masoko, pamoja na kukusanya ushuru wa mazao.

Je, diwani hana la kusema kuhusu barabara? Analo. TARURA huwasilisha mpango wake mbele ya Baraza la Madiwani, na vipaumbele huanzia chini: mkutano mkuu wa kijiji, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha halmashauri. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa mkutano huo, unaopaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Bunge hujadili bajeti kuanzia Aprili. Anayesubiri daraja lisombwe mwezi Machi ndipo alalamike, amechelewa bajeti ya mwaka unaofuata.

Muulize Afisa Mtendaji wa Kijiji tarehe ya mkutano ujao. Ukifika, hakikisha jina la barabara yenu limeandikwa katika muhtasari, si kutajwa tu.