Mafuta, Oili na Fluidi: Funzo la Istilahi Kutoka Kerege

Limeenea miongoni mwetu sisi tunaoshughulika na istilahi wazo kwamba neno la asili ni bora kila mara kuliko neno lililoingia karakana juzi. Wazo hilo lina uzuri wake, na lugha yetu imenufaika nalo. Hata hivyo, makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba lisipotumiwa kwa hadhari laweza kuleta madhara, na madhara yenyewe si ya kitabuni. Mfano nitakaoutoa unanihusu mimi mwenyewe.

Jirani yangu mmoja huko Kerege, wilayani Bagamoyo, ni mtumishi mstaafu anayemiliki gari la Kiitalia la aina ya Fiat 124 Spider: gari dogo, jepesi, lenye paa la turubai linalokunjwa nyuma ya viti. Aina hii ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Torino mwaka 1966, ikaendelea kutengenezwa hadi 1985. Umbo lake lilibuniwa na Pininfarina, na injini yake ni kazi ya mhandisi Aurelio Lampredi, ambaye hapo awali alibuni injini za Ferrari. Jina la Fiat lenyewe si geni nchini. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, malori ya Fiat yalikuwa miongoni mwa yale yaliyobeba mizigo ya Zambia katika barabara ndefu ya kwenda na kutoka Dar es Salaam.

Gari la umri huo halitunzwi ila na mwenyewe, uani kwake, akisaidiwa na fundi wa jirani. Mzee huyo anasoma kitabu chake cha Kiingereza bila taabu, lakini kijana anayemsaidia hasomi Kiingereza. Kwa hiyo aliniomba nimwandikie kwa Kiswahili orodha ya kazi za kila mwezi, ibandikwe ukutani. Nilikubali kwa furaha, nikaandika Kiswahili nilichokiona kuwa safi. Penye injini niliandika: “Mafuta: jaza hadi alama.” Penye breki niliandika vilevile: “Mafuta: jaza hadi alama.”

Kijana alitii maandishi. Alichukua kopo la oili ya injini, akajaza injini, kisha akajaza kikopo cha breki. Siku chache baadaye mzee alitoka nyumbani, na kabla hajaifikia barabara kuu ya Bagamoyo alisikia harufu ya kuungua. Breki zilikuwa zimeng'ang'ania, na magurudumu yalikuwa ya moto. Akarudi polepole. Fundi alipofungua pampu kuu ya breki alizikuta raba zake zimevimba kama maharage yaliyolowekwa usiku kucha. Ilibidi raba zote zibadilishwe, pamoja na mipira ya kwenye magurudumu yote manne, na mabomba ya chuma yasafishwe kwa spiriti. Laiti gari lingekuwa limeshika mwendo barabarani, tungekuwa na habari nyingine ya kusimulia.

Nilipokwenda kuomba radhi, fundi aliniambia kwa upole: “Mwanangu, sisi hatuandiki mafuta. Mafuta ni mengi.”

Maneno hayo machache yana elimu kubwa ya istilahi. Katika gari moja mna petroli inayoungua, oili inayolainisha injini, oili nzito zaidi ya gia na difu, grisi ya viungo, na fluidi inayosukuma breki. Vyote hivyo, mtu asiye fundi aweza kuviita mafuta. Lakini fluidi ya breki ya kawaida, kwa tabia yake, si mafuta hata kidogo. Ni kimiminika cha namna ya glikoli, nacho hakidhuru raba zilizotengenezwa kwa ajili yake, ambapo oili ya petroli huzivimbisha. Aidha, fluidi hiyo hunyonya maji kutoka hewani. Maji hayo huchemka breki zipatapo moto, yakawa mvuke. Na kwa kuwa mvuke hubanika, pedali huzama bila gari kusimama. Ndiyo sababu hushauriwa ibadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi, na wakazi wa pwani, wenye hewa ya unyevu, wana haki zaidi ya kulikumbuka hilo.

Ni dhahiri basi kwamba karakana ilikuwa imekwisha kuvitenga vitu hivi kwa majina. Mimi, kwa kupenda usafi wa lugha, nilivichanganya. Kazi ya kwanza ya istilahi ni kutenganisha vitu visivyopaswa kuchanganywa. Uzuri wa sura ya neno huja baadaye.

Kadhalika karakana hutuokoa na tafsiri ya neno kwa neno. Hewa ikiingia katika mabomba ya breki, Kiingereza husema breki “zitolewe damu”. Fundi wetu husema “kutoa upepo”. Msemo huo waeleza kitendo chenyewe, na hakuna sababu ya kutafuta mwingine.

Lakini tusidhani kwamba karakana haikosei. Fundi akisema “mkanda umelegea”, ni mkanda upi? Katika gari tunalolizungumzia upo mkanda wa feni, unaozungusha pia pampu ya maji na jenereta. Ukilegea, gari huchemsha na betri haipati chaji. Hupimwa kwa kuubonyeza kwa kidole gumba, nao uzame kiasi cha sentimita 1. Upo pia mkanda wa taiming, wenye meno, unaoendesha vali. Huu ukikatika, katika injini nyingi za aina hii vali hugongana na pistoni, na injini huharibika papo hapo. Hubadilishwa kwa kipindi kilichowekwa, hata kama kwa macho ungali mzima. Tena upo mkanda wa usalama wa abiria. Hapa ndipo mtaalamu wa istilahi anapokuwa na kazi: si kubuni neno jipya, bali kuhimiza kwamba katika maandishi “mkanda” lisisimame peke yake.

Huenda msomaji akauliza kama basi hatuna tena nafasi ya kutumia hazina yetu ya kale. Nafasi ipo, na mfano mzuri tunao tayari. Neno “usukani” lilikuwa la chombo cha baharini kabla halijawa la gari, na leo hakuna dereva anayeliona geni. Gari lisilo na paa la chuma lafanana na mashua kwa jambo moja: nguvu zake zote zimo chini, katika sakafu na katika maboksi ya bati yanayopita chini ya milango. Upepo wa bahari wenye chumvi huyala maboksi hayo kutoka ndani, huku rangi ya nje ikiwa nzuri. Hujulikana kwa kuliinua gari kwa jeki: ikiwa mlango unakataa kufunguka au kufungika, gari limeanza kujikunja, na kutu imekwisha kufanya kazi yake. Kwa maboksi hayo napendekeza neno “mataruma”, yaani mbavu za chombo, ambalo mafundi wa vyombo wa Bagamoyo hawahitaji kufundishwa. Nalitoa kama pendekezo tu, lijadiliwe.

Lipo pia swali la jina la gari lenyewe. “Gari la michezo” humfanya msomaji afikirie gari la timu ya mpira. “Gari la mbio” ni gari la mashindano. “Mwendokasi” limekwisha kuchukuliwa na mabasi ya Dar es Salaam tangu 2016. Kwa maoni yangu “gari la spoti la paa la kukunja” linatosha, ingawa ni refu.

Tangu Baraza lianzishwe mwaka 1967, na hasa tangu vijitabu vya Tafsiri Sanifu vianze kutolewa katika miaka ya 1970, tumezoea kupeleka maneno kutoka ofisini kwenda kwa wananchi. Nashauri tuzidishe safari ya upande wa pili. Kabla ya kuandika istilahi ya kazi yoyote, mfasiri na amwendee anayeifanya kazi hiyo, amwulize anaitaje, na zaidi ya hapo amwulize ni vitu gani havipaswi kuchanganywa.

Orodha ya ukutani kule Kerege nimekwisha kuiandika upya. Penye injini pameandikwa “oili ya injini”. Penye breki pameandikwa “fluidi ya breki, si oili”. Si Kiswahili cha kishairi, lakini kijana hajakosea tena. Walimu wa ufundi na wasomaji wengine wenye majina bora kuliko haya wanaombwa wayalete, pamoja na maelezo ya mahali yanapotumika.